Gogo Lililokohoa Kwenye Tela Langu

Gogo lilikohoa.

Najua umeshaanza kuniangalia kwa jicho la pembeni. Hata mimi ningesimuliwa na mtu mwingine ningemuuliza alikunywa nini siku hiyo. Lakini mimi sinywi, sijawahi kunywa, na ilikuwa mchana kweupe, jua linachoma utosini.

Gogo la mkaratusi. Limekatwa, limekauka, limefungwa cheni juu ya tela langu. Likakohoa kama mtu aliyeingiwa na vumbi kooni.

Na kwa mambo yaliyofuata siku ile, huko kukohoa kulikuwa cha mtoto.

Naitwa Lukmani. Marehemu baba alitoka Pangani na cherehani yake, akafika Tarime mjini, akaoa, akabaki. Kwa hiyo mimi ni mtu wa Tarime kabisa, ila Kikurya changu mpaka leo kinachekesha watu sokoni.

Miaka ile ya rashi, dhahabu ilipotoka kwa wingi upande wa Nyamongo, watu walitupa majembe. Kila mwenye mikono alikimbilia kwenye maduara, yale mashimo ya kuchimbia. Mimi nilikuwa dereva wa trekta la kulimia. Sasa utamlimia nani?

Lakini watu wote wale walikuwa wanakula. Akina mama waliokuwa wanapika pale Kerende walikuwa na masufuria ya kuogeshea mtu mzima, na miti ya karibu ilishaisha yote. Ndipo mimi na utingo wangu Dullah tukahamia kwenye kuni. Tunavuka Mto Mara kwenda upande wa Serengeti, tunabeba magogo Kisaka, tunarudi nayo Kerende kwa dada mmoja anaitwa Rukaya, mpishi mkubwa pale.

Kazi ya magogo watu wanadhani ni misuli tu. Wapi! Ukipakia vibaya unazika watu. Manene yanakaa chini, vichwa vizito vinaelekea kwenye trekta, la sivyo ukianza kupanda mlima tela linainua shingo na magurudumu ya trekta yanateleza. Halafu tela lenyewe halina breki. Kinachokufikisha ni mpangilio wa magogo na dua.

Siku hiyo tulipakia kwa mzee mmoja wa Kisaka anaitwa Nashoni. Mzee wa kanisa, uso umekunjamana, maneno machache. Mtu wa kumsalimia ukiwa umenyooka.

Tulishapanga manene ya chini, yakabaki ya juu, Nashoni akasema mgeni haondoki kwake na njaa. Mke wake, mama Wegesa, akamkabidhi Dullah kuku na kisu. "Chinjeni wenyewe, wanangu, mle kwa amani."

Sasa Mwislamu gani atakataa hapo? Dullah alichinja, kuku akapikwa, tukaingia ndani tukala ugali wa udaga, ule unga wa muhogo, mpaka mikanda ikatubana.

Tulipotoka tukakuta mzee ameshamalizia kupanga, jasho linamchuruzika. Nilinuna kidogo. Dereva hapendi kupangiwa tela lake. Lakini nilipokagua cheni nikaona imebana vizuri, nikashukuru kwa chakula, tukaondoka.

Nilikuwa mbele nimeshika usukani. Dullah alikuwa juu ya magogo amejilaza, anasikilizia kuku wake.

Tulipokaribia korongo kubwa, kabla ya barabara kushuka kuelekea mtoni, nikasikia anapiga kelele.

"Kaka Luku! Simama! Simamisha trekta!"

Nikasimamisha. "Nini?"

"Umekohoa wewe?"

"Nikohoe kwa nini?"

"Basi ni gogo."

Nilicheka. Nilidhani shibe imempanda kichwani. Nikazima injini ili nimwonyeshe kwamba hakuna kitu.

Kimya. Upepo tu.

Halafu gogo likakohoa.

Aisee. Nywele zilinisimama mpaka za mikononi. Nikaanza kusoma Ayatul Kursi, nikafika katikati ikanipotea, mimi niliyeihifadhi nikiwa mtoto wa madrasa!

"Ule mti umekatwa makaburini," Dullah akasema. "Nilijua tu. Nilijua!"

Nikashuka. Sijui kwa nini nilishuka, akili nzima ingewasha trekta na kuondoka. Nilisogea mpaka kwenye magogo, nikaweka sikio kwenye upenyo mmoja.

Ndani mle, chini ya magogo, sauti ikaniambia taratibu:

"Kaka, usisimame. Endesha."

Nilipiga ukelele.

Sikupiga kwa kupenda. Ulitoka wenyewe, mrefu, wa nguvu, ukagonga kilima cha ng'ambo ukarudi. Dullah aliruka kutoka juu ya tela, akatua, akakimbia. Kandambili yake moja ilibaki barabarani. Nilimwona tena kesho yake, Tarime mjini, amejifunika shuka.

Na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mtu aliyekulia kule hawezi kusema hakulijua.

Nchi ile mwanaume hapigi kelele bure. Mwanaume akipiga ukelele porini, maana yake ng'ombe wameibwa au mtu anauawa, na kila mwenye miguu anatakiwa atoke mbio na silaha aliyonayo. Asiyetoka ataitwa kikaoni aeleze. Yowe likishapigwa halirudishwi.

Nikasikia mtu analijibu kutoka kilimani.

Halafu mwingine, upande wa pili. Halafu bonde zima.

Nikarudisha mdomo kwenye upenyo. "We nani? Ni mtu au nini?"

"Bhoke. Bhoke wa Nashoni." Ilikuwa sauti ya msichana, na alikuwa analia kwa kujizuia. "Kesho wananikata. Kaka, nakuomba kwa Mungu wako, wasinione."

Nilielewa. Ilikuwa Desemba, na Desemba kule kila mtu anajua ni mwezi wa kukeketa wasichana. Nilikuwa nimepishana na ngoma na makundi ya watu wiki nzima, wasichana wamepambwa kanga mpya, wanapelekwa.

"Umeingiaje humo?"

Vishindo vya miguu vilishakaribia.

"Wanakuja?" akauliza.

"Wanakuja. Nimewaita mimi."

Nikamsikia anajikunja zaidi mle ndani.

Walitokea kila upande. Wana mapanga, wana mikuki, wana pinde, mmoja ana mchi wa kutwangia, nadhani ndio aliouona kwanza. Wanahema. Wamenizunguka mimi na trekta langu.

"Ng'ombe wamepita wapi?"

Kichwa kilikuwa tupu. "Shikamooni," nikasema.

"Ng'ombe wamepita wapi, wewe mura, we kijana?"

"Hakuna ng'ombe. Ni... nyoka."

Wakatazamana. Kijana mmoja aliyefunga kitambaa chekundu kichwani akasogea. "Umetutoa mashambani kwa ajili ya nyoka?"

"Alikuwa mkubwa. Mweusi. Amening'inia hapa karibu na shingo yangu."

"Ameenda wapi?"

Mjinga mimi! Ningesema amekimbilia porini. Lakini mtu aliyeishiwa damu usoni hachagui maneno. Nilinyoosha mkono kwenye tela.

"Ameingia humo kwenye kuni."

Basi. Walisahau hata hasira. Nyoka mweusi hawezi kuachwa aende kwenye jiko la watu. Wengine wakaanza kulegeza cheni, wengine wakachungulia kwenye mapengo. Yule wa kitambaa chekundu akachukua mkuki wake, akauingiza katikati ya magogo, akaanza kuchokoa.

Akausukuma ndani. Akauzungusha. Akautoa.

Akaingiza kwenye pengo jingine.

Nilikuwa nimesimama pale nimeshika gurudumu la trekta. Nilitaka kusema acheni, na nilijua nikisema nimemtoa. Niliona mkuki unaingia mpaka karibu na mkono wa kijana, na mle ndani hakutoka hata mguno.

"Kuna kitu laini," akasema.

"SHUSHA HUO MKUKI!"

Sote tuligeuka. Wanaume wawili walikuwa wanakuja mbio kutoka barabarani. Wa mbele alikuwa Nashoni mwenyewe, shati limelowa. Nyuma yake kaka yake mkubwa, Nikodemo, mzee mrefu mwenye sauti ya kengele, ambaye nilishamwona Kisaka na sikutamani kumwona tena.

"Kuni zangu mnazitoboa za nini?" Nashoni alifoka. "Mtoto wangu amepotea, aibu imeniingilia nyumbani, ninyi mnatafuta nyoka? Nyoka!"

Akamsukuma yule kijana, akapanda juu ya tela, akakaa kitako katikati ya magogo, palepale mkuki ulipokuwa.

Kijana akatazama ncha ya mkuki wake. Ilikuwa na vumbi la maganda, na labda na kitu kingine. Akaifuta kwenye majani bila kuiangalia sana.

"Dereva," Nikodemo akaniambia, "umemwona msichana njiani? Mwembamba, ana gauni la kijani."

"Sijamwona, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Ametoroka asubuhi. Akipita, atapita darajani, hakuna njia nyingine. Tupeleke."

Wakapanda. Wengi wao. Wakakaa juu ya magogo yale na miguu inaning'inia, na mimi nikaambiwa niendeshe.

Ndugu yangu unayesoma, sijui kama umewahi kuogopa kiasi cha kusahau jina lako. Cheni ilikuwa imelegezwa. Nikasema nikaze kwanza, Nikodemo akasema mtoto anavuka sasa hivi, endesha. Mbele yangu kulikuwa na mteremko wa korongo, nyuma yangu tela lisilo na breki, magogo yanacheza, na katikati ya magogo binadamu.

Nikaweka giya ya kwanza. Kila jiwe nilikuwa nalikwepa kama naendesha juu ya mgongo wa mtu, na ndivyo ilivyokuwa.

"Mbona unatambaa?" Nikodemo akafoka.

"Tela halina breki, mzee wangu."

Gogo moja likagonga lingine. Nikafumba macho. Trekta linashuka na mimi nimefumba macho!

Na kule juu, Nashoni alikuwa anatukana. Hajawahi mtu kumtukana mwanawe vile mbele yangu. Kwamba akimpata atamvunja miguu. Kwamba hana mtoto mwenye jina hilo. Kwamba bora angezaa jiwe. Nilimchukia. Nasema wazi, nilimchukia yule mzee, na kuku wake akanipanda kooni.

Katikati ya korongo, vumbi lilipotifuka, likatokea nililokuwa naliogopa.

Kikohozi.

Nikageuka. Nashoni naye alikuwa anakohoa, amejikunja, anakohoa mpaka machozi yanamtoka.

"Umeanza lini kuugua?" Nikodemo akamuuliza.

"Vumbi hili."

Nilimshukuru Mungu kwa vumbi. Nilidhani ni bahati yangu tu, vikohozi viwili vimegongana.

Kikaja kingine, kidogo, kutoka chini. Safari hii Nashoni hakukohoa. Alianza kuimba.

Ulikuwa wimbo wa tohara, ule wanaoimba wakienda kuwachukua wasichana. Alianza peke yake kwa sauti nzito, akapiga makofi, na vijana wote wakampokea, maana wimbo ule ukianza hakuna anayebaki nyuma. Wakauimba korongo zima, wanapiga visigino kwenye magogo. Na yule mtoto yuko chini anausikiliza.

Nikasema moyoni, huyu mzee si mtu.

Tulifika darajani. Watu waliokuwepo wakasema hakuna msichana aliyevuka. Vijana wakashuka, wakasambaa kwenye majani ya ukingoni.

Nikodemo hakusambaa. Alizunguka tela, taratibu, mikono nyuma.

"Nashoni," akasema. "Tela hili lilikuwa kwako asubuhi."

"Lilikuwa kwangu."

"Na mtoto alikuwa kwako asubuhi."

"Ndiyo."

"Basi kabla halijavuka, magogo yashushwe."

Nilishikilia usukani kwa mikono yote miwili.

Nashoni alicheka, kicheko cha hasira. "Unaniita mwongo mbele ya watoto?"

"Sijakuita. Nasema yashushwe."

"Yakishushwa na asiwepo, utayapandisha wewe? Au utaapa kwamba sisi si ndugu tena?"

"Apa wewe," Nikodemo akasema.

Vijana waliokuwa karibu wakaacha walichokuwa wanafanya.

Baadaye nilielezwa. Kwenye ukoo wao, kanisani wanaapa kwa Biblia kama watu wengine, lakini ugomvi wa ndugu unamalizwa kwa udongo. Unaulamba, unataja kitakachokupata ukidanganya, na jambo limeisha. Hakuna atakayekuuliza tena, kwa sababu wote wanajua kama umedanganya hutafika mbali. Wamezikana kwa hilo. Hata yule asiyeogopa simba anaogopa udongo ule.

Nashoni alishuka. Akainama, akachota udongo wa barabarani kwa vidole vitatu, akauweka kwenye ulimi, akaumeza. Akasimama, mkono mmoja ameuweka juu ya gogo.

"Kama binti yangu yumo kwenye kuni hizi," akasema, "mvua ijayo ikikatika isinikute hai."



Mimi nilikuwa najua yumo! Mbele yangu mtu mzima anajiapiza kifo bila kujua anachokifanya, na neno langu moja lingemwokoa. Nikifungua mdomo, mzee anapona na mtoto anakatwa. Nikinyamaza, mtoto anapona. Nilijiambia mambo ya udongo hayanihusu, mimi ni Mwislamu. Lakini jasho lililokuwa linanitoka lilikuwa la mtu anayeamini.

Na hapo, kutoka ndani ya magogo, nikasikia mtu anagonga.

Kwa ngumi. Mara moja, halafu tena.

Alikuwa anataka atolewe! Alikuwa amemsikia baba yake akiapa, na anataka kutoka ajikabidhi.

Niliwasha trekta na kuvuta mafuta mpaka moshi mweusi ukatufunika wote. Likanguruma hata Nikodemo akaziba masikio.

"Injini inataka kuzima!" nikapiga kelele. "Nikiizima hapa haiwaki tena! Nivuke?"

Nikodemo alimtazama ndugu yake muda mrefu. Kiapo kilishaliwa. Akasogea pembeni.

"Vuka. Mimi nakaa hapa darajani."

"Na mimi naenda nalo Kerende," Nashoni akasema, akipanda tena, akikaa palepale. "Nitauliza kwa wapishi. Huenda alivuka alfajiri."

Basi tukavuka, mimi, mzee, na mtoto wake chini yake. Njia nzima nilikuwa nawaza jinsi ya kumwondoa yule mzee ili nishushe magogo. Nilipanga nimpeleke akanywe chai. Nilipanga nimwambie kuna mjomba wake anamtafuta. Mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa ziwa, meusi, na nikaona anayatazama.

Tulifika kwa Rukaya. Alikuwa amesimama nyuma ya banda lake la kupikia, na pembeni yake gari dogo na dereva ndani.

"Mzee," nikaanza, "ingia kwanza upate chai ya moto..."

"Anza na la kulia," Nashoni akasema.

"Nini?"

"Ukianza na la kushoto, la juu litamwangukia. Anza na la kulia. Nilimpanga mwenyewe."



Alikuwa anajua. Wakati anatukana alikuwa anajua. Wakati anaimba. Wakati anachota ule udongo kwa vidole vyake na kuuweka kwenye ulimi, alikuwa anajua yumo.

Tulishusha mimi, yeye, Rukaya na yule dereva. Gogo la mwisho nikamwomba mzee aniachie. Chini kulikuwa na nafasi kama mfereji kati ya magogo mawili manene, na mle ndani msichana wa gauni la kijani, amejaa maganda na vumbi, mdomoni ana kanga aliyokuwa anaing'ata. Kwenye shavu la mguu alikuwa na jeraha la mkuki. Damu ilishakauka.

Akatoa kanga mdomoni. Hakusema asante, hakusema maumivu.

"Baba, kwa nini umeapa?"

"Shuka," mzee akamwambia. "Gari linasubiri."

"Baba, kwa nini umeapa?"

Rukaya alinivuta pembeni akanieleza kwa haraka. Dada mkubwa wa Bhoke, Gati, alipelekwa miaka ya nyuma. Alitoka damu kutwa nzima mpaka akaisha, na baba yake amemshika kichwa. Sasa ilifika zamu ya Bhoke. Nashoni ana kaka zake, na uamuzi ni wa ukoo. Angekataa waziwazi wangemfunga kamba na mtoto angepelekwa vilevile. Rukaya alikuwa ametafuta mahali Tarime mjini kwa masista wanaopokea wasichana, na wakapatana kwamba mtoto atakuja na kuni.

"Nisamehe sikukwambia," akasema. "Wewe uso wako hauwezi kuficha kitu."

Alikuwa sahihi, sikubishana.

Tone la kwanza likapiga bati.

Sijawahi kuona mtu akiogopa vile. Nashoni aliingia bandani kinyumenyume mpaka mgongo ukagusa ukuta. Yule mzee aliyefokea mikuki!

"Ingia kwenye gari," akamwambia Bhoke. "Ondoka. Usione."

"Siendi."

"Bhoke!"

"Siendi mpaka ikatike."

Mvua ikashuka. Ya Desemba, ya mawe, ya kupasua. Radi zilikuwa zinapiga karibu mpaka sufuria zinalia. Bhoke alikaa chini karibu na baba yake, akamkumbatia mkono. Mzee akaninyooshea mkono wa pili. Mimi, mtu niliyemchukia njia nzima. Nikaushika.

"Mura," akasema, "kwenu ninyi, mtu akiapa uongo anafanyaje?"

Nikamwambia kuna kafara. Kufunga, au kulisha masikini. Nilimwambia Mungu anaangalia moyo. Sikuwa na hakika na nilichokuwa nasema, lakini nilikisema kwa sauti ya shehe.

"Sisi hatuna hiyo," akasema.

Kila radi ilipopiga alikuwa anabana vidole vyangu mpaka mifupa inalia. Bhoke alikuwa anamhesabia pumzi, anamwambia vuta, toa. Rukaya alikaa mlangoni na tasbihi. Ilinyesha mpaka jiko likazimika. Mimi mwenyewe nilikuwa nasubiri aanguke.

Kisha ikapungua. Ikawa manyunyu. Ikakatika.

Nashoni alikuwa hai.

Alijitazama mikono, mbele na nyuma, kama mtu aliyekabidhiwa mikono mipya. Halafu akalia. Akamnyanyua binti yake, akamweka kwenye gari, akafunga mlango, akapiga bodi kwa kiganja. Gari likaondoka na matope yake.

"Nirudishe darajani," akaniambia.

Nilimwambia asirudi. Akasema asiporudi watajua.

Tulikuta Nikodemo yuko palepale, amelowa chapachapa, vijana wamejikunyata nyuma yake. Hakuwa amejikinga. Alikuwa anasubiri kuona ndugu yake atarudi kwa namna gani.

Nashoni alishuka. Alitembea mwenyewe mpaka mbele yake.

Nikodemo alimtazama kuanzia nywele mpaka miguu.

"Mvua imekukuta hai," akasema.

"Imenikuta."

Yule mzee mrefu akavua kofia. Akamshika ndugu yake mabegani, na sauti yake ya kengele ikapasuka.

"Basi hakuwemo. Nisamehe, mdogo wangu. Nilikudhania vibaya mbele ya watoto." Akageukia vijana. "Mtoto hajavuka huku. Tunapoteza muda. Twendeni upande wa Ikoma."

Wakaondoka wote, wakikimbia kuelekea upande ambao hakuwepo. Nashoni aliwafuata nyuma, polepole, na mara moja tu aligeuka akanipungia.

Mzee Nashoni alifariki mwaka juzi, kwa sukari na uzee, baada ya kunyeshewa na mvua nyingi sana. Nikodemo alimtangulia. Bhoke yuko hai, ana mabinti wawili, na yeye ndiye aliyeniruhusu niiandike hii.

Nimejifunza nini? La kwanza dogo: ukiwa pande zile ukaogopa, ogopa kimya kimya.

La pili, siku hizi nikimsikia mzazi anamfokea mtoto wake mbele za watu, simhukumu upesi. Nasubiri kwanza nione amekaa wapi.